Mtaala wa Taifa na Mafunzo ya Lugha katika Shule za Kenya

Neno "mtaala" lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa karibu sana na kitenzi "kutaali", yaani kusoma kwa makini na kudurusu. Mtu aliweza kuwa na mtaala wake mwenyewe, nyumbani kwake, pasipo idhini ya wizara yoyote. Siku hizi maana hiyo imefifia. Anayelitamka neno hili nchini Kenya humaanisha utaratibu uliowekwa na serikali wa mambo yanayofundishwa katika kila shule na kila darasa, kutoka Lamu hadi Busia. Neno "sanifu" nalo limepitia safari kama hiyo. Kusanifu kulikuwa kutunga au kutengeneza kitu kwa ustadi; leo lugha sanifu ni ile iliyochaguliwa iwe sawa kwa wote. Hatukusudii kujenga hoja juu ya asili ya maneno, maana hoja za namna hiyo aghalabu huporomoka. Hata hivyo msomaji atambue tangu mwanzo kwamba maneno yote mawili yalianza katika kazi ya mtu mmoja mmoja yakaishia katika kazi ya dola.

Makala haya yanakusudia kueleza faida na hasara za kuwa na kiwango kimoja cha mafunzo kwa taifa zima. Tutalitazama jambo hili katika uwanja wa lugha peke yake, kwa kuwa historia ya Kiswahili katika shule za Kenya, pamoja na ile ya lugha za kwanza za watoto, huonyesha pande zote mbili kwa uwazi kuliko masomo mengine. Rai yetu ni kwamba mtaala wa taifa ndio uliokipa Kiswahili uhai katika shule zetu, lakini ulikipa uhai huo kwa sharti la mtihani. Faida na hasara zimeingia kwa mlango mmoja, na ndiyo sababu ni vigumu kuifukuza moja bila ya kuigusa nyingine.

Hali kabla ya mtaala mmoja

Wakati wa ukoloni Kenya haikuwa na mtaala mmoja wala haikutakiwa kuwa nao. Watoto wa Kizungu, wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kiafrika walisoma katika shule mbalimbali, kwa mihtasari mbalimbali, na fedha zilizotumiwa kwa kila mtoto zilitegemea rangi yake. Ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949, iliyohusu elimu ya Waafrika peke yao, ilikubali mpango ambao mtoto alichujwa baada ya miaka minne, akachujwa tena baada ya minne mingine, hata wakabaki wachache mno wa kuingia sekondari. Wale waliofika mwisho walifanya mtihani uliotungwa Cambridge. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Uingereza yenyewe, iliyotuachia desturi ya mtihani mmoja kutoka mbali, haikuwa na mtaala wa taifa uliolazimishwa kwa sheria mpaka mwaka wa 1988.

Kwa hiyo tume iliyoongozwa na Simeon Ominde ilipotoa ripoti yake, sehemu ya kwanza mwaka wa 1964 na ya pili mwaka wa 1965, wazo la mtaala mmoja halikuwa wazo la kubana watu. Lilikuwa tangazo la usawa. Mtoto wa Kajiado na mtoto wa Muthaiga wasome kitabu kimoja: hayo yalikuwa maneno makubwa katika nchi iliyokuwa imetoka jana tu katika shule za rangi. Anayeulaumu mtaala wa taifa leo bila ya kuikumbuka hali hiyo huyaona maji yaliyotuama akasahau kiangazi kilichotangulia.

Lakini upande wa lugha tume hiyo ilisitasita. Iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ikiufuata mwendo ulioanzishwa Nairobi mwaka wa 1957 katika shule za watoto wa Kihindi. Ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Lugha za kwanza zikapewa kipindi cha kusimulia hadithi.

Somo lisilotahiniwa

Kwa miaka ishirini hivi baada ya hapo Kiswahili kilikuwamo katika ratiba za shule za msingi, na ratiba hiyo ilibandikwa ukutani, na mkaguzi alipofika aliisoma akaridhika. Darasani mambo yalikuwa mengine. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ulioitwa CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya mambo ya jumla iliyochanganya Historia, Jiografia na Sayansi. Kiswahili hakikuwamo. Mwalimu mwenye busara, akijua kwamba yeye na mtoto wote watapimwa kwa karatasi hizo tatu, alikitumia kipindi cha Kiswahili kwa hesabu. Hatuwezi kumlaumu. Mzazi naye angelalamika kama angefanya vinginevyo.

Mwaka wa 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe bungeni. Wabunge wakajadili mambo ya taifa kwa lugha ambayo watoto wa taifa hilo hilo hawakuulizwa hata swali moja juu yake katika mtihani wao. Kamati ya Gachathi, mwaka wa 1976, ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, na kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotumiwa katika eneo la shule yake. Pendekezo zuri, hata hivyo pendekezo si karatasi ya mtihani. Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981 ndiyo iliyoleta mpango wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na mpango huo ulipoanza Januari 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mwaka huo huo mtihani wa kwanza wa KCPE ukafanywa, na mwaka wa 1989 ukafuata ule wa KCSE.

Mabadiliko yaliyotokea yalikuwa makubwa. Walimu waliokuwa hawajasomeshwa Kiswahili hata siku moja walijikuta mbele ya darasa wakifundisha ngeli. Vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vikahitaji wahadhiri. Wachapishaji, ambao hapo awali waliona kitabu cha Kiswahili kama hisani kwa taifa, wakaona biashara. Riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kwa shule za sekondari zikawapa waandishi wa Kenya wasomaji wa lazima, na ingawa msomaji wa lazima si sawa na msomaji wa hiari, yeye hununua kitabu. Idara nyingi za lugha za Kiafrika katika vyuo vyetu, pamoja na majarida yao, zisingekuwa na ukubwa zilio nao kama isingekuwa amri ile. Kijana wa Kisii au wa Kitui aandikaye Kiswahili fasaha leo ni tunda la mtaala wa taifa, wala hakuna soko wala mtaa ambao ungeweza kumzaa kwa wingi kama huo.

Faida nyingine ni za kawaida na hazihitaji maneno mengi. Mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Kakamega kwenda Garissa humkuta mtoto wake akiendelea na sura ile ile. Mwajiri huielewa hati ya mwombaji kazi bila ya kuuliza ilitolewa wapi. Na mzazi wa kijijini, akiuona muhtasari, ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe hajafundishwa kilichoandikwa humo. Hii ya mwisho twaiona kuwa faida kuu, japo ni nadra kutajwa.

Mtihani unavyoitengeneza lugha

Mtihani ukishakuwa mlinzi wa somo, huwa pia fundi wake. Maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne yana tabia yake: hupenda mambo yenye jibu moja. Lugha ina mambo mengi yasiyo na jibu moja, kwa hiyo hayo yakaachwa, na yale machache yenye jibu moja yakakuzwa mpaka yakafanana na lugha nzima. Ndipo watoto wetu wakakariri orodha za nomino za makundi, wakajua kwamba nyota huitwa thurea na noti huitwa bunda. Wakakariri majina ya wana wa wanyama, kwamba mtoto wa simba ni shibli na mtoto wa chura ni kiluwiluwi. Hatusemi kwamba maneno haya ni mabaya. Ni mali ya lugha. Tunauliza ni Mswahili gani, katika maisha yake yote, aliyepata haja ya kumtaja shibli mara nyingi kama mtoto wa darasa la nane aliyekuwa akijiandaa kwa KCPE.

Insha, ambayo ilipaswa kuwa uwanja wa uhuru, nayo iliingiwa na ugonjwa huo. Mtahini alipewa mwongozo unaomtaka atuze alama kwa msamiati, methali na tamathali. Mwalimu akaujua mwongozo. Mwanafunzi akapewa hazina ya mapambo ya kubeba hadi chumba cha mtihani: atarauka alfajiri hata kama kisa chatokea jioni, moyo utamdunda kama ngoma, na machozi yatamtiririka njia mbili mbili awe amefiwa au amepoteza kalamu. Aliyesahihisha insha za namna hii kwa mamia aliweza kuibashiri sentensi ya pili baada ya kuisoma ya kwanza. Huu ndio usanifu katika maana yake ya leo, ukiwa umeumeza usanifu wa maana ya kale.

Katika sekondari hali ni afadhali kidogo, maana karatasi za KCSE ni za kuandika. Hata hivyo tazama fasihi simulizi. Mwanafunzi hujifunza kueleza maana ya miviga, ngomezi, maghani na malumbano ya utani, na kutoa sifa tano za kila kimoja. Aweza kupata alama zote asipomwuliza nyanya yake hata hadithi moja. Kitu ambacho kwa asili yake ni cha mahali na cha mdomo kimegeuzwa kuwa fasili za kitabuni, kwa kuwa fasili husahihishwa kwa urahisi Nairobi, lakini hadithi ya nyanya wa Tharaka haina mwongozo wa kuisahihishia.

Mtoto wa Pwani

Hasara iliyo chungu zaidi, na yenye kinaya, huwapata wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza. Itakumbukwa kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule katika nchi nne, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka wa 1930 ikaisimamia kazi hiyo. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, chenye kuungwa mkono na baadhi ya wamisionari, kikaachwa. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, wala hatudai ufutwe. Lakini matokeo yake katika darasa la Mombasa ni haya: mtoto asemaye "ndia" kwa njia, "mato" kwa macho, na "kuteka" kwa kucheka, kama wasemavyo wazazi wake na kama walivyosema babu zake kabla shule haijajengwa, huambiwa kwamba amekosea Kiswahili. Aliyemwambia hivyo huenda alikisoma Kiswahili chuoni.

Kinaya chenyewe kiko katika karatasi ya fasihi. Mwanafunzi wa KCSE akisoma shairi lenye "ndia" na "mato" hufundishwa kwamba mshairi ametumia uhuru wake, na moja ya alama za uhuru huo ni matumizi ya lahaja. Mwanafunzi hutuzwa kwa kulitambua. Akiliandika neno hilo hilo mwenyewe katika karatasi ya insha, hukatwa alama. Yaani alichokosea si kuzaliwa Mombasa, ila ni kutokuwa mshairi. Tena mshairi mwenyewe wa Mombasa au Lamu hakuwa akitumia uhuru wowote: alikuwa akisema lugha yake.

Msomaji ataona kwamba mtaala haukumsahau mtoto huyu kwa chuki. Isimujamii imo katika karatasi ya pili ya KCSE, ingawa hupewa alama kumi tu kati ya themanini za karatasi hiyo, na humo lahaja hutajwa kwa heshima. Tatizo ni kwamba heshima imewekwa katika mada moja na adhabu katika nyingine, na mtaala wa taifa, kwa kuwa umeandikwa na kamati nyingi, hauoni aibu kujipinga.

Lugha nyingine za watoto

Kuhusu lugha za kwanza zisizo Kiswahili, mambo ni mafupi kwa kuwa yaliyofanywa ni machache. Taasisi ya Elimu ilitoa vitabu vya "Tujifunze Kusoma Kikwetu" kwa lugha kadhaa, na vilikuwa vitabu vya maana. Havikuwa na mtihani nyuma yake. Yaliyokipata Kiswahili kabla ya 1985 ndiyo yaliyozipata lugha hizi, tofauti ni kwamba hazikupata mwaka wao wa 1985.

Hapa wengi hukata shauri kwamba dawa ni kuuvunja mtaala wa taifa na kuipa kila jamii madaraka ya kuamua. Tungependa kuwaonya. Umoja wa lazima hauhitaji taifa zima. Waweza kutokea hata katika tarafa moja. Wasuba wa kando ya Ziwa Victoria walihamia Dholuo kwa vizazi, na shule, kama kanisa, ilitumia Dholuo kwa kuwa ndiyo lugha kubwa ya pale. Kwa macho ya Nairobi lugha ya eneo ilikuwa imeheshimiwa. Kwa Olusuba ilikuwa ni kuzidiwa na jirani. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1940 kamati ya wamisionari na wenyeji ilijaribu kuziunganisha lahaja za Kiluhya katika maandishi mamoja. Walogooli wakaendelea na vitabu vyao. Mtu wa chini hashindwi kumkandamiza mtu wa chini zaidi, na mara nyingine sheria ya mbali ndiyo kimbilio lake pekee. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, yaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Maneno hayo humsaidia Msuba kwa sababu ni ya taifa zima.

Kiwango cha nini?

Sehemu kubwa ya mabishano juu ya viwango vya taifa yatokana na kutumia neno moja kwa mambo matatu. Kuna kiwango cha yatakayofundishwa, ambacho ni muhtasari. Kuna kiwango cha yatakayojulikana na mwanafunzi mwishoni, ambacho ni mtihani. Na kuna kiwango cha yatakayotolewa kwa shule: walimu, vitabu, madawati, saa za masomo. Kenya tumekuwa na cha kwanza tangu uhuru, na cha pili kwa ukali. Cha tatu kimekuwa cha maneno tu kwa muda mrefu. Mwaka wa 2018 serikali ilipoanza kuwapelekea wanafunzi vitabu moja kwa moja, sehemu ndogo ya kiwango hicho ilitimizwa, na yafaa isifiwe. Lakini mwalimu hapakiwi kwenye lori pamoja na vitabu.

Bila ya cha tatu, viwango viwili vya kwanza hubadilika tabia. Mtihani mmoja kwa shule zenye walimu kumi na tano na kwa shule zenye walimu wanne haupimi watoto. Hupima umbali wa shule kutoka barabara ya lami. Kisha matokeo hutangazwa kana kwamba yalikuwa habari za akili za watoto. Mtoto wa Mandera ambaye husikia Kisomali nyumbani, Kiarabu chuoni, na Kiswahili katika kipindi kimoja kwa siku, kutoka kwa mwalimu anayengoja uhamisho, hulinganishwa kwa alama na mtoto wa Nairobi anayeishi ndani ya Kiswahili, hata kama ni kile cha mitaani.

Mtaala wa umahiri, ulioanza kusambazwa mwaka wa 2019, umejaribu kulegeza baadhi ya mafundo haya. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mwalimu wa darasa hutathmini kazi za mwanafunzi kwa ngazi nne, kutoka kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, na lugha za kiasili zimepewa nafasi katika madarasa ya chini. Twaukaribisha mwelekeo huo. Hata hivyo tathmini ya kitaifa ya darasa la sita, KPSEA, iliyoanza mwaka wa 2022, ina Kiswahili na Kiingereza lakini haina lugha za kiasili, na ratiba za shule nyingi zimekwisha kuusoma ujumbe huo. Aliyeishi katika ualimu kabla ya 1985 hahitaji kuambiwa kipindi hicho cha lugha ya kiasili hutumiwaje.

Basi kuna jambo moja ambalo idara za lugha zingeweza kulipendekeza bila ya kungoja tume nyingine. Muhtasari wa taifa uwe mmoja katika uwezo unaotakiwa: kusimulia, kuhoji, kufupisha, kuandika barua, kusoma kwa kuelewa. Katika malighafi ya kuupata uwezo huo, kila eneo liachiwe sehemu yake, na sehemu hiyo ihesabiwe katika alama, maana isipohesabiwa tumekwisha kuona mwisho wake. Mwanafunzi wa Tharaka akusanye hadithi kwa Kitharaka, aitafsiri na kuieleza kwa Kiswahili, na walimu wa shule jirani waisahihishe kwa kubadilishana. Katika insha, mwongozo wa watahini uongezwe sentensi moja inayosema kwamba neno la lahaja inayotambuliwa ya Kiswahili, likitumiwa kwa namna ileile mwanzo hadi mwisho wa insha, si kosa la tahajia. Sentensi hiyo haihitaji fedha wala sheria mpya ya bunge. Yahitaji orodha ya maneno ya Kimvita, Kiamu, Kijomvu, Kibajuni na mengineyo, iliyotengenezwa na wajuzi na kuwekwa mikononi mwa kila mtahini. Na kazi ya kuitengeneza orodha hiyo ni yetu.